Maji ya Kisima cha Uani

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina kisima uani, na mamangu hapendi kisemwe vibaya. Maji yake ni ya chumvichumvi, kama ya visima vingi vya mtaani kwetu, lakini ndiyo yaliyotuogesha sote tulipozaliwa, na mjukuu yeyote akiletwa nyumbani lazima aogeshwe kwayo kwanza. Ya kunywa tunanunua kwa muuza maji, anayeyaleta kwa mkokoteni katika madumu ya manjano. Hayo ndiyo tunayoyaita maji matamu.

Jumamosi ile nilirudi kutoka Tononoka, ninakofundisha biolojia, nikamkuta mama amekaa uani na mtoto wa dada yangu mapajani. Mtoto hajafikisha miaka miwili. Dada alikuwa amekwenda Lamu kwenye hitima, akamwacha na bibi yake. Jana yake mtoto alikuwa ameanza kuhara, mama akampeleka zahanati, wakapewa zile pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji.

"Anakunywa?" nikauliza.

"Hashibi. Kikombe kikisha, ataka chengine."

Habari hiyo ingenifurahisha. Lakini mtoto alikuwa akilia kilio chembamba, kikali, na machozi hayakutoka. Midomo ilikuwa imekauka. Nilipomshika tumboni, ngozi ilikuwa nzito chini ya vidole, kama donge la unga wa mahamri lililolala. Na bado alikuwa akihara, tena zaidi ya jana.

Nikachukua kikombe mkononi mwa mama nikaonja, jambo ninalowakataza wanafunzi kila siku wasifanye maabarani. Dawa ile ikichanganywa vizuri huwa haizidi chumvi ya machozi. Hii haikuwa maji ya bahari, lakini ilikuwa njiani kuelekea huko.

"Mama, maji haya umeyatoa wapi?"

"Muuza maji hakuja tangu jana. Nimechota kisimani. Usinitazame hivyo, nimeyachemsha, yakapoa, nikayachemsha tena. Hakuna mdudu aliyebaki humo."

Kuhusu wadudu alikuwa sahihi. Lakini kinachopaa na mvuke ni maji peke yake. Chumvi hubaki sufuriani. Kwa hiyo kadiri alivyochemsha kwa uangalifu, ndivyo maji yalivyozidi ukali, na juu yake akamimina pakiti.

"Twende hospitali," nikasema. "Na hayo usimpe tena."

"Acha amalize haya kwanza. Huoni ana kiu?"

Nikanyoosha mikono nimchukue mtoto. Akaugeuza uso akauficha ndani ya leso ya bibi yake. Tangu mama yake aondoke, hakukubali kunywa wala kula kwa mkono mwingine. Nikaelewa kuwa sitaweza kumtibu mtoto huyu kwa kupambana na mama. Kila tone litakaloingia kinywani mwake litapita kwenye mkono ule.

"Kwani kisima kimefanya nini?" mama akauliza. "Weye hukukulia kisima hiki?"

"Nilikioga, mama. Sikukinywa."

"Haya, mwalimu. Nipe mtihani, na mtoto kiu chamuua."

Kikombe kilikuwa kimekwishafika mdomoni mwa mtoto. Nikatazama huku na huku uani, na macho yangu yakaangukia bakuli la achari. Mama alikuwa amekata maembe mabichi jana na kuyatia chumvi, yakisubiri kuanikwa.

"Yale maembe, mama, uliyatia maji?"

"Nani atiaye achari maji? Ioze?"

"Na yale maji yaliyo chini ya bakuli yametoka wapi?"

Akanitazama kama anayemtazama mpumbavu. "Ni ya maembe yenyewe. Chumvi huyatoa."

"Basi na tumboni mwake ni vivyo hivyo."

Mkono ukasimama. Mtoto akakifuata kikombe kwa mdomo, akalia. Mama hakumpa.

Darasani jambo hili hunichukua kipindi kizima, na hukata viazi vipande ili wanafunzi waone. Huwaambia kuwa kila seli ina utando, na utando ni kama mlango wa nyumba zetu: si kila mgeni hupita. Mwingine huishia barazani, mwingine hupanda hadi ndani. Maji hupita kwa urahisi, na kawaida yake ni kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Hiyo ndiyo osmosisi. Katika utumbo kuna mlango ambao chumvi na sukari huingia pamoja, zimeshikana mikono, na maji hufuata nyuma yao. Ndiyo maana ile pakiti huokoa watoto. Lakini chumvi ikizidi, kinywaji huanza kuyavuta maji kutoka mwilini kuja tumboni. Nayo chumvi inayofanikiwa kuingia kwenye damu huzifanya seli zinywee na kiu kizidi, na mtoto akiomba tena, tunampa tena.

Hayo yote sikumweleza mama. Maembe yalitosha. Aliinuka, akamwaga kikombe kwenye mfereji wa ua, akamwaga na birika zima, kisha akasema bila kunigeukia, "Kanunue maji."

Nilikimbia hadi duka la pembeni, nikarudi na maji ya chupa. Nikapima kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, nikaonja. Machozi. Mama akamnywesha kwa kijiko ndani ya tuktuk, kidogo kidogo, huku mtoto akikiuma kijiko kwa hamu.

Hospitali walimpima damu, na daktari akarudi na jibu nililolitarajia: chumvi imepanda. Wakamtundikia chupa ya maji. Mama akayatazama matone yakidondoka.

"Mbona taratibu hivi, mwanangu?" akamuuliza daktari. "Mtoto amekauka."

"Makusudi, bibi. Seli zake zimenywea. Tukizimiminia maji kwa haraka zitavimba, na za ubongo hazina pa kuvimbia. Mwangalieni haja ndogo. Akikojoa, mniite; hapo tutajua maji yameanza kumfaa."

Tukakaa. Mchoro wa seli iliyonywea nimeuchora ubaoni mara nyingi hata mkono unauchora wenyewe. Sikuwahi kuuona umelala kitandani na nywele zilizosukwa vituta. Nilijua kila hatua inayopaswa kutokea ndani yake, na sikuweza kuisukuma hata moja. Mtoto alikuwa amenyamaza, na kimya chake kilinitisha kuliko kilio. Mama alikuwa amemfunga leso kiunoni, kwa kuwa nepi tulizisahau nyumbani, na mkono wake haukuondoka juu yake.

Baada ya muda mrefu akasema, "Ungeninyang'anya kile kikombe. Wakaa waniuliza habari za maembe."

"Ningekunyang'anya, mama, yale mengine angeyanywa kwa mkono wa nani?"

Mama akazirekebisha ncha za leso, ingawa zilikuwa sawa.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha nilipouona mkono wake ukitulia, kisha ukibonyeza, ukaondoka, ukarudi tena mahali pale pale. Leso ilikuwa imelowa, na ulowevu ukaendelea kutambaa, ukavuka ukingo wa kitanda hadi kwenye buibui lake.

"Amekojoa," akasema polepole.

Mamangu ni mtu wa kubadili nguo zote kwa tone moja la najisi akikaribia kuswali. Nikasimama kumwita daktari, nikamwambia mama nitamletea na nguo nyingine.

"Muite daktari," akasema. "Nguo ziache. Nenda ukaswali weye kwanza. Miye bado nataka kuhakikisha." Na akauacha mkono wake pale, juu ya ile leso iliyolowa.