Tikiti ya Chaki pale Gare

Nyinyi mliosoma nasi pale Gare, katika tambarare ya Ruzizi ukitoka Uvira kwenda Luberizi, mnajua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona treni ikisimama pale. Reli ziling'olewa kabla hatujazaliwa. Likabaki tuta refu la udongo katikati ya mashamba ya mpunga, na ile nyumba ndogo ya matofali. Ilikuwa stesheni, gare kwa Kifaransa, ikawa ghala la pamba, kisha la mpunga. Ilipofika zamu yetu ilikuwa shule. Aliyechelewa alipita kwanza kwenye kidirisha cha tikiti, akajieleza kwa mwalimu akiwa nje, sisi ndani tukicheka. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya.

Na tulicheza treni kuliko watoto wenye treni. Wakati wa mapumziko, rekreyasio, Kashindi, mwenye kifua kipana, ndiye aliyekuwa mashini, kichwa cha treni. Sisi wengine mabehewa, kila mmoja ameshika shati la mwenzake, mpaka vifungo vikang'oka na mama zetu wakauliza kama shuleni tunafundishwa kupigana. Tulinuka vumbi, jasho na mahindi ya kuchoma. Watoto wa leo wanacheza treni kwenye simu, wamekaa, na bado wanasema wamechoka.

Habari zote za treni tulizipata kwa koko wangu Namwezi, mama wa mama yangu. Alipokuwa msichana aliuza ndizi pale stesheni pamoja na wenzake. Baba yake alimwahidi kwamba siku atakayofikia kidirisha cha tikiti bila kusimama kwa vidole, atampandisha treni mpaka Uvira. "Nikakifikia," alikuwa akituambia, "na treni ikakatwa." Uvira alishakwenda mara nyingi, juu ya magunia ya lori. Kwake hiyo haikuhesabika. "Pale nilibebwa pamoja na mihogo." Akipika, alitugongea mfuniko wa sufuria namna mkuu wa stesheni alivyogonga reli treni ikikaribia: haraka haraka, kimya, kisha pigo moja zito.

Asubuhi moja zamu ya kengele ya rekreyasio ilikuwa ya Kashindi. Badala ya kugonga kama kawaida, akagonga kama sufuria ya koko.

Hatujamaliza kutoka darasani, tukawaona wamama wazee wa kijiji wanakuja mbio, mabeseni kichwani: ndizi, mahindi ya kuchemsha, mmoja na kibuyu cha maziwa. Miguu ilikuwa imetoka nyumbani kabla ya akili. Walipofika wakaona watoto na tuta tupu, wakatazamana, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Koko alifika wa mwisho. Hakuwa na beseni. Alikuwa amevaa kikwembe cha sikukuu na viatu vya misa, mfuko mkononi.

"Weye Namwezi," akauliza yule wa maziwa, "unaenda wapi na viatu vya misa?"

"Uvira. Ndizi miye niliuza ya kutosha."

Kicheko kikakatika. Mwalimu wetu, mtu mkali, akaingia ndani. Tulidhani anafuata fimbo ya kumchapa Kashindi. Kumbe kidirisha kikafunguliwa.

"Mama, unaenda fasi gani?"

Koko akasogea, nyayo zake zote chini. "Uvira. Kwenda na kurudi. Mbuzi wangu iko peke yake."

Mwalimu akampitishia vipande viwili vya chaki.

Tukaondoka juu ya tuta, darasa zima, koko nyuma ya Kashindi ameshika shati lake, wamama wakikimbia ubavuni na kutupa ndizi kama kwenye madirisha ya treni. "Polepole, weye mashini," koko akamwambia. "Unataka kutumwaga?" Kwenye kona ya mfereji mashamba yalikuwa yametoka kumwagiliwa, maji yametanda kama ziwa la Uvira, upepo ukiyapiga mawimbi madogo. Kashindi akatangaza Uvira. Koko akatazama yale maji muda mrefu.

"Nimefika," akasema.

Tulipopanga mstari wa kurudi, akampa Kashindi chaki moja. Nyingine akaifunga kwenye pindo la kikwembe. "Ya kurudi naiweka. Treni hii naijua, inaweza kukatwa tena." Akarudi kwa miguu kando yetu, akitupungia mkono.

Leo juu ya tuta zinapita pikipiki, na kwenye kidirisha kijana anachaji simu za watu. Nikimwambia hapa palikuwa na treni, anauliza kama nina picha. Mimi nimekuwa mtu wa kuzunguka. Nimepanda treni za kweli, Kigoma na Lubumbashi, nimelala kwenye mabenchi ya stesheni kubwa. Ni nzuri, zina viti. Hakuna aliyewahi kunitupia ndizi.

Koko ameshatuacha, na ile chaki sijui iliishia wapi. Kila ninaporudi nyumbani humwomba mwenye pikipiki anishushe kwenye kona ya mfereji, nimalizie kwa miguu juu ya tuta, begi begani. Hunicheka. Simwelezi kwamba kuna safari moja ya kurudi, kutoka pale, ambayo haijatumika.