Korosho Shinani

Asubuhi hii harufu ya mabibo yaliyoiva imenipokea kabla sijafika shambani kwangu. Chini ya mkorosho wa kando ya njia nimekuta korosho zimekusanywa vizuri, lakini mabibo yake hayapo. Nikasimama pale, nikaikumbuka siku ile ya utotoni.

Nilikuwa nimekaa kwenye keria ya baiskeli ya baba, tunakwenda Kilangala kwa bibi. Jua kali, mchanga mzito, na dumu la maji tulikuwa tumelisahau nyumbani, kila mmoja akidhani mwenzake amelifunga. Nililia hadi machozi nayo yakagoma. Mwishowe baba akasimamisha baiskeli kwenye mikorosho ya watu, akaokota bibo jekundu, akachomoa korosho yake, akanipa tunda.

"Nyonya. Korosho tunamwachia mwenyewe hapa shinani."

Maji ya bibo yalinitiririka hadi viwikoni, matamu, huku yakinikwaruza koo. Tangu siku ile sijanywa kitu kilichoniingia vile. Tulipotosheka, baba aligeukia shamba lile lisilo na mtu, akapaza sauti:

"Ahsante, mwenye shamba!"

"Mbona hayupo, baba?"

"Atazikuta korosho zake. Atajua tulipita."

Leo nimeziokota zile korosho taratibu, nikazitia kikapuni. Kisha nikageukia njia. Haikuwa na mtu hata mmoja, nami nikaitikia kwa sauti:

"Karibu!"