Upande Niliopewa na Mwalimu

Mwezi uliopita nilikwenda Kibaha kumjulia hali binti yangu, nikamkuta mjukuu wangu amenuna mezani. Wana mdahalo wa Kiingereza shuleni, na mwalimu kampa upande asioutaka. Akaniuliza atateteaje jambo asiloliamini. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mikono iliendelea kuchambua mchicha, lakini mwenyewe nilikuwa Kisarawe, nina miaka kumi na mitatu, na baba ameketi benchi la mbele.

Enzi hizo zilikuwa za Mwingereza, mwenzangu, na wasichana tulikuwa wanne tu darasa zima. Shule ya kati ilikuwa mwendo wa saa nzima kutoka kwetu, upande wa Chole. Niliondoka nimeshateka maji na kufagia uwanja, kiporo cha muhogo nimekifunga kwenye jani la mgomba. Msimu wa korosho njia yote ilinuka moshi wa maganda, moshi unaowasha macho, na vidole vyetu vilibabuka kwa kuzibangua.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana wa Tanga, kaptura yake imepigwa pasi ya mkaa ikasimama. Sarufi aliifundisha kwa kutimiza wajibu tu. Alichokipenda ni kutufundisha kumvuta mtu kwa maneno. Anza na jambo ambalo msikilizaji wako tayari analikubali, alituambia. Mpe kitu cha kuona kwa macho, si hoja tupu. Mwisho mwombe jambo moja tu, na ukishaomba, kaa chini. Kila Alhamisi alitia vikaratasi ndani ya kofia yake, na ulichookota ndicho upande wako, utake usitake. Mimi nilikuwa hodari, sifichi. Siku moja nilimtetea fisi mpaka mpishi wa shule, aliyewahi kuwapikia Wazungu, akasema maskini, kumbe anaonewa.

Nyumbani hakukuwa na mzaha. Kwetu Uzaramoni, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa na kufichwa macho ya watu kwa miezi, wengine mwaka na zaidi, na akitoka anatoka kwenda kuolewa. Dada yangu alikuwa ameshapita. Zamu ilikuwa yangu, na kila shangazi alipokuja alimwambia baba kwamba shule sasa imetosha. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Kwa wiki nyingi nilitega sikio kwenye kila neno lililopita ukutani. Niliitaka shule ile kuliko kitu chochote duniani.

Ikaja siku ya wazazi. Mwalimu aliamua tujadiliane kwa Kiswahili ili wazee wasikie, na jambo lenyewe likawa hilohilo: je, mwali aendelee na masomo? Kikaratasi changu kilisema asiendelee. Nilimwomba anibadilishie. Akakataa, akasema nikishinda kwa upande mgumu kama huo wazee wataona shule imenifanya nini, na hakuna baba atakayethubutu kunitoa. Mwalimu alikuwa mgeni. Hakujua kwamba kwetu neno ukishalitamka mbele ya wazee walioketi, ni lako, na hakuna aliyewahi kusikia mchezo wa kusema usilolitaka. Mimi nilijua. Lakini nilitaka kushinda.

Nilianza na bibi yangu, aliyezalisha nusu ya kijiji bila kujua herufi hata moja. Kwa maneno nikawaonyesha wazee mikono yake. Nikasema yote aliyoyajua aliyapata chumbani, kwa kungwi wake, na kwamba mimi nikibaki darasani nitatoka na Kiingereza changu nisijue kumshika mtoto mchanga. Kisha nikaomba jambo moja.

"Wazee wangu, msituache tukapotea."

Nikakaa. Shangazi alikuwa analia. Wazee waliitikia kwa vichwa, na mwalimu alipiga makofi kuliko wote. Baba alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Kesho yake asubuhi sare yangu haikuwa kwenye kamba. Mama alikuwa ameshaikunja, na hakunitazama.

Siku ya tatu mwalimu alikuja kwa baiskeli, jasho linamtiririka. Aliketishwa jamvini, akaletewa dafu, akaeleza habari za kofia na vikaratasi mpaka akafika kwenye fisi. Baba alimsikiliza kwa adabu zote.

"Mwalimu, waniambia mwanangu kasema uongo mbele ya wazee?"

"Si uongo, mzee. Ni mazoezi."

Baba akanigeukia pale mlangoni. "Haya, sema mwenyewe. Wataka nini?"

Nikaanza kama nilivyofundishwa, na jambo analolikubali. Nikasema, baba, siku zote wewe wapenda mtoto msikivu. Akainua mkono.

"Hivyo hivyo ndivyo ulivyoanza juzi. Ntajuaje kama leo ndo kweli?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Nilifungua kinywa, na kila neno lililonijia lilikuwa limeshapangwa. Nikageuka, nikarudi ndani.

Niliwekwa ndani kabla msimu wa korosho haujaisha. Nikafundwa vizuri, nikaolewa Mlandizi na mkulima mwema, nikazaa saba. Mwalimu alihamishwa mwaka uleule, sikumwona tena. Shule ile ya udongo ilishaanguka, njia tuliyopita imemezwa na mashamba ya watu, na siku hizi hata mwali hakai ndani mwaka. Nakumbuka harufu ya moshi ule na macho yananiwasha hadi leo.

Baba alipozeeka, haoni tena, nilikuwa nikimlisha uji. Asubuhi moja, bila kuulizwa, aliniambia kwamba siku ile ya wazazi alikuja shuleni kumwambia mwalimu nimalize masomo. Alikuwa ameshamkatalia shangazi.

"Nikakusikia," alisema. "Nikaona kumbe shule ni matakwa yangu mie, si yako."

"Nilitaka kusoma, baba."

Alitikisa kichwa taratibu kama asiyesadiki, akafungua kinywa apewe kijiko kingine.