Nyundo ya Mzee Hamaoka

Mume wangu Kasiani alimkimbia baba yake mhunzi kule Bukoba ili aje asomee umeme Uswidi. Kafika, kanaswa na mhunzi mwingine hapahapa Jordbro. Nicheke au nilie?

Mhunzi huyo ni Mjapani, Mzee Hamaoka, mjane asiye na mtoto. Anafua visu vya kuwindia, na Waswidi wanaowinda älg, yule mnyama mkubwa wa misitu yao, huvisubiri hata mwaka mzima. Kasiani aliingia pale wakati wa likizo kumtengenezea mota ya kinoo. Mota ikapona, yeye akabaki.

Na kazi anaiweza, sikatai. Chuma kigumu kinawekwa katikati ya vipande viwili vya chuma laini, kama nyama ndani ya sambusa, halafu vinapigwa motoni mpaka vishikane. Kile kigumu ndicho kinachokata. Kile laini kinakilinda kisivunjike. Kisha bapa linapakwa udongo, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali, ili makali yapoe haraka na kukaza. Wanafunga mapazia mchana kweupe wapate kuisoma rangi ya moto. Ikifika ile ya ndani ya papai lililoiva, chubwi, majini! Ukikosea unasikia ting, kisu kimepasuka, na kazi ya wiki nzima imepotea.

Mimi nilitaka kurudi kwetu, basi. Mama yangu alikuwa mgonjwa, na mwaka sabini na moja tulikubaliana kwamba Krismasi tutakula Bukoba. Nikafunga masanduku, Kasiani akaenda kumuaga mzee. Jioni akarudi na nyundo.

"Amenipa kwa mikono miwili," akasema. Hata koti hakuvua.

Nikakaa chini. Katika ukoo wa Kasiani, mhunzi akikupa nyundo yake amekukabidhi karakana. Ukishaipokea, hapo ilipo nyundo ndipo kwako mpaka kufa. Ndiyo maana alimkimbia baba yake kabla hajapewa.

"Mrudishie!"

"Leokadia, nyundo hairudishwi."

Jumatatu akaenda nayo kazini. Jioni akarudi nayo, akailaza mvunguni mwa kitanda chetu, na ndivyo alivyofanya miaka yote. Dirishani kwangu naliona bomba la karakana. Moshi ukipanda asubuhi najua mume wangu yuko ndani, na mimi niko ndani. Mama alizikwa bila mimi. Nilimchukia mzee yule, nisiseme uongo. Kasiani naye alikonda, akawa hasemi, na binti yetu Agripina nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Kuna siku niliona kuta zinanisogelea.

Mwaka huu, sabini na sita, Mzee Hamaoka alikuja Jumapili kula ndizi kwetu. Macho yamemwishia, rangi ya moto sasa anasomewa na Kasiani. Nikasema liwalo na liwe, nikamuuliza kwa Kiswidi changu cha kuungaunga: "Mzee, utamfungua lini mume wangu?"

Akashangaa. "Nimfungue? Ile nyundo nilimpa ya kumuaga, aende nayo kwao anikumbuke. Jumatatu namwona huyo mlangoni! Nikadhani hana pa kurudi. Dada yangu alikuwa ananiita Japani mwaka uleule, lakini ningemwachaje peke yake?"

Kasiani akaweka kijiko chini. Jamani! Wanaume wawili, kila mmoja kamfunga mwenzake kwa huruma, na mimi katikati nimebanwa miaka yote hiyo.

"Haya, ondokeni!" nikawaambia. "Mmoja Japani, mmoja Bukoba!"

Wakatazamana.

"Tumalizie kwanza visu vya msimu huu," akasema mzee.

Kasiani akaitikia kwa kichwa. Wallahi, mimi Mkatoliki mzima niliapa hivyo, nusura niwapige wote wawili.

Leo ni Jumatatu. Mimi na Agripina tuko kituoni tunasubiri treni ya kutupeleka mjini, safari ya kwetu imeanza. Juu ya karakana sioni moshi. Nyundo imo ndani ya sanduku langu, nimeifunga kwa kanga ya marehemu mama. Kasiani nilimwambia mlangoni, akiwa bado anapapasa mvunguni: hapo ilipo nyundo ndipo kwako. Basi aifuate Bukoba.