Msusi anayebishiwa hodi kwa chanuo

Saa tatu asubuhi, na msusi ameshasimama mara nne. Mara ya kwanza alikwenda kufunga dirisha, mara ya pili kulifungua, mara ya tatu kutafuta chanuo alilokuwa amelichomeka nyweleni mwake mwenyewe. Mara ya nne hata yeye hajui alisimama kwa nini.

"Rudi basi, dada, nimebaki nusu kichwa," anasema mteja aliye kitini, muuza duka la dawa. Upande mmoja ana mistari iliyonyooka, upande wa pili nywele zimesimama wima.

Msusi anacheka, anarudi nyuma ya kiti. Vidole vinashika kasi. Ko, ko, ko! Mteja amegonga mkono wa kiti kwa chanuo la mbao.

"Karibu," anaitikia msusi, na hapohapo anafumua alipofikia na kuanza upya, taratibu zaidi.

Ndivyo mambo yanavyokwenda katika chumba hiki chenye kioo kimoja na viti vitatu. Kila anayekaa hukabidhiwa chanuo. Akiona anavutwa, anagonga. Wateja wenyewe wanaita kupiga hodi.

Msusi ana miaka thelathini na sita, na kumi na minne kati ya hiyo ameimalizia vichwani mwa watu. Mtaani anaitwa Mikono Minne, kwa sababu alikuwa akimaliza vichwa vinne kwa siku wakati wenzake wanahangaika na viwili. Kasi ndiyo iliyompa jina, na kasi hiyohiyo nusura imuumbue.

Mwaka jana mambo yalimzonga. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini kwa wiki nyingi mfululizo. Mama yake mzazi alikuwa akilazwa na kuruhusiwa, kisha analazwa tena. Mwenye nyumba alianza kupita na watu wa kupima kuta, bila kusema wanapima nini. Simu haikunyamaza.

"Nilikuwa nalala na mawazo, naamka nayo, nakuja nayo kazini," anasema. "Mdomo ulikuwa unacheka na wateja. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinasema ukweli."

Wa kwanza kuusikia ukweli huo alikuwa binti yake wa miaka tisa. Jumapili moja, akiwa amekaa katikati ya magoti ya mama yake, aliinuka kichwa kikiwa hakijaisha. "Mama, unaniumiza. Nataka shangazi."

"Nikamwambia aache kudeka, akae. Akakaa." Msusi anachambua rasta ambazo tayari zimechambuliwa. "Nilimaliza kichwa chote mtoto analia kimyakimya. Nikajipongeza kwamba nimewahi."

Tangu siku hiyo, miezi minane sasa, mtoto wa msusi anasukwa na shangazi yake.

Aliyemfumbua macho ni mwalimu mmoja, mteja wa siku nyingi. Alikuja, akafungua kitambaa kichwani. Kuanzia paji la uso hadi juu ya masikio nywele zilikuwa zimenyofoka, ngozi inang'aa.

"Sikuja kugombana, mdogo wangu," mwalimu alimwambia. "Nimekuja kukuuliza tu: mikono yako imemkasirikia nani?"

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema msusi. "Na wa kwanza niliyemkumbuka alikuwa mwanangu."

Wazo la chanuo lilitoka kwa mwalimu huyohuyo. Mengine yalitoka kwa muuguzi wa zahanati ya jirani, ambaye naye husukwa hapa. "Mtu akizidiwa hujikaza bila kujua," anasema muuguzi huyo. "Mwingine taya, mwingine mabega. Huyu ni vidole. Sasa ukimwambia 'tulia' umemwongezea kazi nyingine."

Kwa hiyo hakuambiwa atulie. Aliambiwa kila baada ya mistari mitano aende mlangoni, akung'ute mikono kama anayekausha maji, atoe pumzi ndefu, ndipo arudi. Simu inakaa kabatini ndani ya kopo la shanga, kifuniko juu.

Hodi anazihesabu kwa chaki pembeni mwa kioo. Siku ya kwanza alibishiwa mara arobaini na moja. Siku hizi ni sita au saba. Lakini vichwa vinne vimekuwa vitatu, maana yake robo ya kipato imekwenda na mapumziko. Wateja wengine wamehama. Mmoja aliaga akisema kusuka hapa siku hizi kuna kipindi cha kwanza na cha pili kama mpira.

Kopo linanguruma, shanga zinagongana. Msusi anageuka, anajirudi, anahesabu mistari. Umebaki mmoja.

"Nidanganye?" anasema. "Wasiwasi haujaisha. Mama bado anaumwa, kuta bado zinapimwa. Nimekataa tu kuyamalizia kwenye vichwa vya watu."

Adhuhuri mtoto anaingia. Shule zimefungwa, zitafunguliwa baada ya siku kumi, na shangazi amepata kazi mji mwingine. Nywele zake zimebanwa nyuma kwa kamba ya kiatu. Anaketi kizingitini na kitabu, lakini kurasa hazigeuki. Analitazama chanuo.

Muuza duka la dawa anapoondoka, mtoto anakwenda kukaa kwenye kigoda. "Mstari mmoja tu," anasema bila kugeuka. "Na hilo chanuo nipe."

Msusi hagusi kichwa. Anakwenda mlangoni kwanza, anakung'uta mikono, anarudi, anakwenda tena. Ndipo anakaa na kuanza. Katikati ya mstari kopo linanguruma.

Ko!

"Karibu," anaitikia. Anafumua mstari wote, anaanza upya.

Ukiisha, mtoto anaupapasa kuanzia paji hadi kisogoni. "Kesho mwingine," anasema.

Kichwa kizima ni mistari minane, na siku zilizobaki ni kumi. Msusi anajifuta macho kwa bega, mikono ikiwa na mafuta. "Wenzangu wana mipango ya kujenga," anasema. "Wangu ni huo, mstari mmoja kwa siku mpaka shule ifunguliwe."

Mtoto anatoka mbio, mstari mmoja kichwani na nywele nyingine zimetimka. Hafiki mbali. Anarudi, analichukua chanuo, anapanda kigodani na kulificha juu kabisa ya kabati.

"Hili langu," anasema. "Usimpe mteja."