Nilivyolisifu Kasri la Sultani

Asubuhi ile nilifunga begi langu Turiani nikaondoka bila kujua naenda wapi. Mchana nikajikuta Kilakala, Morogoro, mbele ya nyumba ya wageni iliyobandikwa tangazo: anatakiwa mtu wa kuwatembeza watalii milimani.

Niliishia darasa la tano, ila domo ninalo. Nikamwamkia mama mwenye nyumba. Mji umejaa wahamiaji, nikamdhania naye ni wa kuja.

"Nisimulie historia yoyote," akasema, "nikupime."

Nikachagua kasri la Unguja ambalo sultani alipumzikia wakati wa joto. Niliwahi kufagia magofu yake. Nikamsifia bustani, hamamu za kuogea, harufu ya udi. Mama akatabasamu, nami nikazidi kunogewa. Kazi nikaiona mkononi.

"Na hayo maji ya kuoga alikuwa akiyachota nani?"

"Wasichana waliotolewa bara, mama. Walikula wakashiba, wakasahau kwao. Na kwao wakawasahau."

Hilo la kusahau nililitunga palepale. Tabasamu likakatika.

"Mwanangu, mimi Mluguru. Kwetu ukoo unapita kwa mama. Binti akichukuliwa, tawi zima limekatwa. Bibi yake bibi yangu alikuwa na dada aliyepelekwa huko kisiwani. Mpaka leo kwenye tambiko tunamwita kwa jina. Nani kakwambia tulimsahau?"

Akasukuma ufunguo mezani.

"Chumba namba tatu. Lala, kesho uendelee na safari. Wageni wangu sikupi."