Mstari Uliokaa Chini ya Sifuri

Nicheke mimi kwanza ndipo nanyi mcheke, maana harusi ya dada yangu Mwajuma kule Ihanja hadi leo haitajwi kwa jina lake wala la mumewe, inaitwa "ile ya moshi", na moshi wenyewe ni wangu.

Ilikuwa ile miaka biashara imeachiwa huria, Singida mjini kumejaa redio za Dubai na kompyuta za mtumba, nami (elimu darasa la saba, ndoto za chuo kikuu) nilikuwa nimepatana na jamaa mmoja mwenye chumba cha kuchapa barua aniachie kompyuta yake akienda kula, maana ilikuwa na programu ya kuchora saketi na kuijaribu palepale kwenye skrini kabla hujaunguza kitu. Kabla hujaunguza kitu, nasisitiza.

Amplifaya ya sherehe ilikuwa ya Mzee Njiku, baba mdogo wa bwana harusi, mwenye duka la kutengeneza redio mjini. Kijijini hakuna umeme, tunatumia betri ya gari, na betri ikichoka spika zinakoroma. Nikamwambia nitaunda kisanduku cha kushikilia volti kumi na mbili, betri ikishuka kipandishe, ikizidi kishushe.

"Kikifanya kazi," akasema, "Jumatatu njoo uanze dukani kwangu."

Jamani! Usingizi uliniisha.

Nikachora koili, transista, dayodi, kapasita, nikabonyeza, mstari wa volti ukanyooka safi kabisa kwenye kumi na mbili, ila chini ya sifuri. Mwenye akili angejiuliza. Mimi niliona mstari unaoning'inia chini utanitia mkosi (na ndiyo kwanza natafuta kazi), basi nikageuza nyaya za kupimia humohumo kwenye skrini, mstari ukaruka juu, nikajipigia makofi. Kumbe saketi ya namna ile ndivyo ilivyo, unaingiza chanya inakutolea hasi, na kompyuta ilikuwa inanieleza kwa upole wote.

Siku yenyewe wakwe wamekaa, mjomba kashika maikrofoni atambulishe ukoo, nikaunga waya mwekundu wa kisanduku changu kwenye mwekundu wa amplifaya, kifua mbele. Amplifaya ikasema "tsss". Moshi ukatoka taratibu, ukaenda moja kwa moja kwa bibi harusi.

"We mtoto, unafukiza mashetani?" shangazi akaniuliza.

"Shikamoo, shangazi," nikajibu, hata sijui kwa nini.

Mjomba akatambulisha ukoo kwa kupiga kelele, sauti ikamkauka kabla hajafika upande wa mama. Nikamwona Mwajuma anafuta machozi, nikajikuta naimba wimbo wa harusi wa Kinyaturu aliokuwa akituimbia bibi, vibaya mno, hadi akina mama wakacheka, wakaninyang'anya wimbo wakauimba wao, na dada akainuka akacheza.

Jioni nikamfuata Mzee Njiku, amplifaya iko kwapani mwake.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Ungegeuza waya mbili tu, kijana." Akaninusa moshi. "Jumatatu uje."

"Kutengeneza?"

"Hii natengeneza mwenyewe. Ndiyo inayopiga muziki dukani; mpaka ipone, redio ya dukani ni wewe."

Nikadhani utani. Jumatatu akaniwekea stuli mlangoni, wateja wakaja, nikaimba. Nimeshaapa: mstari ukitaka kukaa chini, na ukae, sitauinua tena.